Namna ya Kumchora Panya Ukutani Kasongo Bila Kugombana na Mtu

Kasongo ina kuta nyingi na rangi kidogo. Ukishalijua hilo, nusu ya kazi ya uchoraji umeshajifunza. Nusu iliyobaki ni kujua ukuta ni wa nani, nani analipa, na mvua itanyesha lini. Mimi nimechora vibao vya vinyozi, vya maduka ya dawa, vya makanisa na vya baa, mara nyingine siku moja na kwa kopo lilelile. Na kila mwaka, Agosti inapoelekea ukingoni na masomo yanakaribia kufunguliwa, sikosi kujiwa na mwenye shule ya watoto wadogo akiwa na ombi moja. Hatafuti madawati. Hatafuti mwalimu wa pili. Anamtafuta Mickey.

Nimeona basi niandike mwongozo kwa vijana wa Kasongo na Kabambare wanaotaka kuingia kazi hii. Nataka wafanye makosa yao wenyewe; yale ya kawaida nimeshayafanya yote.

Anza kwa kutazama bati kabla ya ukuta. Ukuta mzuri ulio chini ya bati fupi ni faranga zilizotupwa. Mvua yetu ikishaanza Septemba haina haraka ya kuondoka, na maji ya paa yakianguka chini yanarusha udongo mwekundu juu mpaka usawa wa goti. Ukimchora panya wako amesimama chini kabisa, viatu vyake vya manjano vitakuwa vya kahawia kabla ya Krismasi. Mpandishe dhiraa moja na nusu hivi, halafu chini yake upake mkanda mweusi na kuuita mapambo. Lakini usimpandishe sana, maana watoto watataka kumshika mkono, na asiposhikika watamrushia mawe ili ajue kwamba wamefika.

Ukuta wa matofali ya kuchoma uliopigwa lipu ya saruji ni ukuta wa tajiri. Ukiupata, usimwambie fundi mwingine. Kuta zetu nyingi ni za udongo uliokandikwa, na ukuta wa udongo una mambo yake: unapumua, unavimba, unapasuka, na nyufa zake zina tabia ya kupita katikati ya pua. Usihangaike kuziba. Ufa wa pua ugeuze sharubu. Mickey wa Wamarekani hana sharubu. Wa kwetu anazo, na hakuna mzazi aliyewahi kulalamika.

Uko ukuta mmoja usiopaswa kuchorwa panya hata ukilipwa kwa dola, nao ni wa ghala la mpunga. Mpunga ulifika huku kusini mwa Maniema katika karne ya 19 pamoja na watu wa pwani, enzi za Tippu Tip, na tangu siku hiyo watu wa Kasongo wana msimamo wao kuhusu panya. Ukimwekea mwenye ghala panya mrefu kuliko yeye, mwenye glavu nyeupe na meno yote nje kwa furaha, ataona umemchorea mwizi wake akisherehekea. Mchoree Tom, yule paka wa William Hanna na Joseph Barbera. Amekuwa kazini tangu 1940 na yule panya wake bado anatamba, lakini hilo usimwambie mwenye ghala kabla hajakulipa.

Halafu kuna ruhusa. Ukuta ni wa mwenye nyumba, ila upande wa nje wa ukuta una wenyewe. Mimi siku hizi naenda kwa shefu wa mtaa kabla sijafungua kopo, maana nilishawahi kwenda baada ya kulifungua.

"Jambo, Papa Shefu."

"Jambo, fundi. Naambiwa unachora mtu barabarani."

"Si mtu, Papa Shefu. Ni panya."

"Wa chama gani?"

"Hana chama, Papa Shefu. Ni wa watoto."

"Mbona basi amevaa rangi?"

Hapo usijibu. Kaptula nyekundu na viatu vya manjano ni jambo zito mwaka wa uchaguzi, na ukianza kueleza kwamba rangi hizo zilichaguliwa Marekani utazidisha mashaka. Toa matabishi kwa heshima, sema ni ya maji ya kunywa, na uahidi kwamba panya hatanyoosha kidole. Mkono wake ufanye wa kupunga. Kidole kimoja juu ni kampeni, vidole viwili ni kampeni ya mwingine.

Sasa rangi, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo wengi wanapofilisika. Rangi ya dukani inatoka mbali. Ikifika hapa kutoka Bukavu au Kalemie, kila mkono ulioishika njiani umeshaongeza bei yake juu ya kifuniko. Fundi mwenye akili hununua kidogo sana na kutengeneza nyingi.

Nyeupe usinunue. Tunayo pemba, ule udongo mweupe. Uloweke usiku mmoja, asubuhi uuchuje kwa kipande cha chandarua kilichostaafu, kisha uchanganye na maji ya unga wa muhogo uliochemshwa mpaka yavute kama makamasi ya mtoto. Usipotia muhogo, uso wa panya utabaki kwenye mashati ya wanaoegemea ukuta. Bluu ya anga inatoka kwenye bluu ya kufulia nguo: kidonge kimoja ndani ya pemba kinakupa asubuhi, vitatu vinakupa jioni. Nyeusi inatoka kwenye mawe ya redio yaliyokufa. Unayapasua, unatoa ule unga mweusi wa ndani, unausaga na majani mabichi na maji kidogo. Walimu wetu wamepaka ubao kwa njia hiyo miaka na miaka. Masikio ya panya yakipakwa unga wa mawe ya redio hayatoki. Paa litaezuliwa, ukuta utainama, mwenye shule atahamia Kindu, na masikio yatakuwepo. Nawa mikono kabla ya kula, hilo si mzaha.

Tatizo ni nyekundu.

Udongo mwekundu tunao wa kutosha kuuza nje, ila ukiupaka unakupa rangi ya tofali, na kaptula ya rangi ya tofali juu ya ukuta wa tofali maana yake ni panya asiye na kaptula. Niliwahi kujaribu unga wa mti mwekundu, ule ambao bibi zetu walijipaka mwilini. Siku ya kwanza watu walisimama barabarani kutazama. Wiki ya tatu kaptula ilikuwa ya waridi iliyokonda, na baba mmoja akaniuliza kwa sauti ya chini kama panya ni mgonjwa. Nikasema rangi inahitaji mafuta ndipo ishike. Nikauchanganya ule unga na mawese. Jioni ile kaptula iling'aa kama gari la waziri. Usiku wakaja sisimizi. Asubuhi watoto walikuta mstari mweusi mrefu unapanda ukutani, na kufika saa sita panya alikuwa amevuliwa nguo mbele ya darasa zima.

Kwa hiyo nyekundu nunua, na ununue rangi ya mafuta. Ukikosa kopo kubwa, tafuta kikopo cha kupakia kinga, yaani baiskeli, nyie wa pwani. Msiidharau rangi ya baiskeli. Edward Said Tingatinga, aliyezaliwa 1932 na kufariki 1972, alianza na rangi hiyohiyo pale Dar es Salaam, akachora chui na ndege juu ya mbao za bei rahisi, na leo jina lake ni jina la aina nzima ya uchoraji. Ni rangi ya watu wasio na uwezo wa rangi nyingine. Inang'aa na haiogopi mvua.

Mfano wa kunakili utaupata kwenye mkoba wa shule. Huku kwetu Mickey hakuja kwa sinema. Alikuja mgongoni mwa watoto, kwenye mikoba ya plastiki, majalada ya daftari, mablanketi na shati za mitumba. Azima mkoba wa mtoto yeyote, mpe andazi, mweke akae karibu usije ukaitwa mwizi. Piga miraba kwenye karatasi juu ya picha, miraba hiyohiyo uipige ukutani kwa uzi uliochovywa kwenye unga wa makala, yaani makaa, halafu jaza mraba mmoja mmoja kama mtu anayelipa deni. Kichwa ni sahani. Masikio ni vifuniko viwili vya sufuria vyenye kipimo kimoja. Walioanzisha panya huyu walikuwa na akili: masikio yake ni duara hata akigeuka upande, jambo ambalo panya wa Mungu hawezi. Msumari mmoja, uzi, na kipande cha makala, umemaliza.

Angalizo: kagua mkoba vizuri. Wa kwangu wa kwanza zipu ilipita juu ya jicho la kushoto, nami kwa uaminifu wa fundi anayejifunza nikaichora na zipu. Mtaa mzima ukaamini ni jeraha. Wapo hadi leo wanaosimulia alivyolipata.

Vidole vyake ni vinne kila mkono. Si makosa, wachoraji wa katuni walipunguza kimoja ili kazi iende upesi, kwa kuwa mkono uleule unachorwa maelfu ya mara katika sinema moja. Lakini wewe unauchora mkono mara moja tu, tena kwenye ukuta wa shule. Nilimwachia Mama Direktrisi wa shule moja ya watoto wadogo vidole vinne, na mwezi wa pili akanitumia mtu: watoto wanahesabu vidole vya panya, wanafika nane, wanarudi nyumbani kuwaambia wazazi kwamba nane ndiyo kumi. Nikaongeza kidole kila mkono bila malipo. Panya wa vidole kumi anapatikana Kasongo tu, na ninaidai dunia nzima heshima yake.

Kuna wasomi watakaokuuliza habari za haki za mtunzi. Wajibu kwa tarehe, watanyamaza. Panya huyu alionekana kwa watu katika "Steamboat Willie" tarehe 18 Novemba 1928, na huko Marekani ulinzi wa sinema ile uliisha tarehe 1 Januari 2024. Popeye, baharia wa E. C. Segar aliyeanza gazetini Januari 1929, alifuata mwaka 2025. Ila sikiliza sharti la uhuru wa panya, maana ni tamu. Aliyeachiwa huru mwaka 2024 ni panya wa 1928 tu. Huyo hana rangi. Hana glavu, glavu alivaa 1929. Sinema ya rangi aliingia 1935. Maana yake panya ambaye sheria inakuruhusu kumchora bila wasiwasi ni panya wa makala na pemba peke yake, ambaye hapa Kasongo hagharimu kitu! Na kampuni iliyomtunga bado imeshikilia alama yake ya biashara, kwa hiyo hata huyo usimweke kwenye sabuni. Nimewaeleza wateja wangu jambo hili mara nyingi, nikiwa na matumaini yangu binafsi kuhusu bei ya nyekundu. Wote wamenisikiliza mpaka mwisho, kisha wakasema wanataka yule mwenye kaptula.

Ingawa ukweli ni kwamba panya wa 1928 angetufaa kuliko tunavyodhani. Katika sinema ile yuko kwenye usukani wa meli ya mto. Mweke kwenye ukuta wowote kule Kasongo-Rive, panapovukiwa Lualaba, akishika usukani na kupiga mluzi. Watu watamwuliza chombo kinavuka saa ngapi. Atakuwa ametoa jibu lilelile wanalopewa siku zote.

Jambo la Simba linahitaji aya zake.

Utaambiwa umchore Simba, yule wa filamu ya 1994, na utadhani hapa ndipo nyumbani. Majina mengi ni ya kwetu: Simba, Rafiki, Pumbaa. Msemo wa "hakuna matata" kampuni ileile ya panya ilikwenda kuusajili kama alama yake ya biashara mwaka uleule, na mwaka 2018 watu wengi sana wakatia saini kupinga. Sisi wa Kongo tulishangaa mara mbili, kwanza kwamba neno la watu linasajiliwa, pili kwamba kuna mahali matata hakuna.

Basi nikamchora Simba kwenye ukuta wa muuza chai, manyoya ya shingo yanapepea, jina chini kwa herufi kubwa ili asidhaniwe mbwa. Mzee mmoja mwenye mkongojo akasimama. Akatazama jina, hakutazama picha.

"Mwanangu, huyu ni Simba gani?"

Kama umezaliwa juzi utacheka. Lakini mwaka 1964 Simba walikuwa watu. Walikuwa na bunduki, mikuki na dawa ya kuifanya risasi iwe maji. Julai mwaka huo Kindu iliangukia mikononi mwao, Agosti ikafuata Kisangani, na huku kusini wazee wanajua nani alitoka nyumbani asirudi. Huyu mzee hakuwa anauliza habari za katuni. Nilimwambia ni mtoto wa mfalme anayefukuzwa na baba yake mdogo, anakwenda kuishi porini, halafu anarudi na jeshi la wanyama kuchukua kiti. Akatikisa kichwa polepole, akasema: "Ndiye yuleyule."

Tangu hapo Simba namchora bila jina. Anayependa wa bia ya Lubumbashi aone wa bia, anayependa wa sinema aone wa sinema. Na fisi, wale wa filamu, usiwaandike majina kabisa. Mmoja anaitwa Shenzi. Neno hilo Kasongo halijasahauliwa lilitoka mdomoni mwa nani, likimwangukia nani. Andika Shenzi kwenye ukuta ulio karibu na ofisi yoyote, kila karani atajua ni yeye.

Kasongo ni mji wa Waislamu wengi, na utachora karibu na msikiti upende usipende. Usibishane habari za picha za viumbe wenye roho. Waliobishana kabla yako walikuwa na elimu. Mimi niliteremka kwenye ngazi, nikamsalimu Maalimu, nikamwacha atazame. Alitazama sana. Masikio, glavu, vifungo viwili vyeupe vya kaptula, viatu kama mikate. Mwisho akasema, "Huyu si panya. Wala si mtu. Sijui nimkataze kama nani," akaenda zake kuswali alasiri. Sijawahi kusikia uhakiki wa sanaa ulio mfupi na sahihi kuliko huo.

Popeye ni wa vibanda vya mboga. Mpe kopo la mchicha, uandike "lengalenga", usubiri akina mama waseme kwamba sombe, majani yao ya muhogo, lina nguvu zaidi. Tintin usimchore. Mtunzi wake, Hergé, alituchora 1930 bila kukanyaga Kongo, na alivyotuchora mnajua. Huko Brussels kuta zimejaa mashujaa wa katuni tangu 1991, na Tintin naye ana wake. Anatosha huko.

Ukipata kazi ya shirika, furahi halafu upime nembo. Pima nembo kabla ya kitu kingine chochote. Nilipewa ukuta wa mita nne nimchore panya anayenawa mikono. Nikaanza na panya. Siku ya pili zikaja nembo: ya anayetoa pesa, ya anayezipokea, ya anayezipitisha, ya wizara, ya nchi fulani, na ya mradi wenyewe, kila moja na kipimo chake kisichopunguzwa hata kidole. Mwishowe panya alibaki sikio moja na mkono mmoja wenye sabuni, akichungulia nyuma ya nembo kama mtu aliyekuja kuomba kazi. Picha ilipigwa, ripoti ikaenda. Bomba la maji lililokuwa liwekwe pale chini nalisubiri kuliona.

Kwenye wodi ya watoto, zahanati yoyote ile, watakuambia panya acheke. Wewe angalia kwanza ubao wa bei ulipo. Panya mweke ukuta unaotazamana nao, ili mzazi akishasoma bei apate mahali pa kugeuzia macho. Usimchore karibu na kabati la dawa. Likifunguliwa watu watalinganisha kilichojaa na kisichojaa. Na kicheko kipunguze. Nimekaa usiku kucha kwenye benchi chini ya kicheko nilichokichora mwenyewe, mtoto wangu ana homa mapajani, na nakuhakikishia ilipofika saa tisa nilimchukia panya yule kuliko malaria. Nilirudi baadaye na makala nikamfumba mdomo. Sasa anatabasamu tu, kama jirani aliyepita kukujulia hali.

Wa Kabambare, kwenu kazi ni hiyohiyo pamoja na safari. Livingstone alikwama sehemu zenu miezi mingi mwaka 1870, miguu imejaa vidonda, na anayesukuma kinga yenye makopo ya rangi kutoka Kasongo msimu wa mvua hatasema barabara imemsahau. Funga makopo kwa mpira wa tairi, kifuniko kitazame juu, na bluu usiiweke karibu na ugali wako. Faida ya Kabambare ni kwamba kule Namoya na Salamabila kuna dhahabu, na mchimbaji aliyepata hana subira na pemba. Anataka ukuta mzima wa baa yake, anataka leo, na anataka panya avae saa. Mvishe. Mwache avae mbili. Ila ulipwe kabla ya jioni, kwa sababu dhahabu ya asubuhi huku ni deni la usiku, na wateja wa baa wakishakaa hakuna atakayekumbuka kwamba ukuta ulikuwa mtupu.

Sasa niseme jambo ambalo wateja hawaniulizi. Siku moja, nikiwa nasubiri pemba ikauke, niliwauliza watoto waliokuwa wamenizunguka: huyu alifanya nini? Walimjua kwa jina, walijua rangi za viatu vyake, walinisahihisha mkia. Lakini alichofanya, hakuna. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na kisa chake kimoja. Nikawauliza Sungura alifanya nini. Loo! Sungura na Fisi, Sungura na kisima, Sungura na Tembo aliyevutana kamba na Kiboko, wote wanasema pamoja, wadogo wanaruka. Nikasema sawa, nani anajua Sungura amevaa nini? Kimya.

Hapo ndipo penye kazi yetu yote. Panya ana sura bila kisa, Sungura ana visa bila sura. Visa vyake vinasimuliwa usiku, moto umefifia, hakuna anayehitaji kumwona. Na si kwamba hatujawahi kuwa na wachoraji wa kuta. Mwaka 1926 pale Bukama, juu kwenye Lualaba hiihii inayopita kwetu, mtumishi wa serikali ya Kibelgiji aitwaye Georges Thiry alikuta nyumba za udongo zilizochorwa watu na wanyama. Mchoraji alikuwa Albert Lubaki. Thiry akampa karatasi na rangi za maji. Mwaka 1929 kazi za Lubaki zilitundikwa Brussels, kisha Geneva na Paris. Karatasi zipo mpaka leo makumbusho. Kuta zilikwenda na mvua.

Katuni zetu pia zipo. Padri Alexandre Van den Heuvel alimtembeza swala mdogo Mboloko kwenye sinema za miaka ya 1950, na jirani yetu wa Sankuru, Jean-Michel Kibushi, mzaliwa wa Lubefu, mwaka 1991 alimpeleka chura ukweni katika sinema fupi ya hadithi ya kwao. Nairobi wakawachukua wanyama wa Tingatinga kutoka kwenye mbao na kuwafanya watembee kwenye televisheni mwaka 2010. Inawezekana. Ila hakuna mkoba wa shule wenye picha ya chura aendaye ukweni, na fundi hachori asichokiona mgongoni mwa mtoto.

Nilijaribu mara moja. Chini ya panya wa shule, kona ya kulia, palipobaki nafasi ya mtu aliyechuchumaa, nilimchora Sungura bila kuambiwa na bila kulipwa. Bibi mmoja anayeuza karanga pale nje akaja kutazama, mikono kiunoni. "Huyo siye," akasema. Nikamwuliza amemwona wapi. "Sijamwona. Lakini mwembamba kuliko hapo, na hawezi kukutazama usoni hivyo. Anatazama pembeni." Nikamkondesha. Nikamgeuza macho. Akarudi kesho yake akasema masikio nayo marefu mno, huyo angesikika akikimbia. Tulikwenda hivyo siku nne, mimi na bibi na makala, na watoto wakaongeza ya kwao: kwamba Sungura na Panya ni mtu na shemeji yake, kwamba Panya amemwazima kaptula na Sungura hataki kurudisha.

Hilo la kaptula ndilo lililonifikisha kwenye kuandika. Mama Direktrisi amesema watoto wana haki: kama kaptula ameazimwa Sungura, basi Sungura avae kaptula, na nyekundu. Sasa zinatakiwa kaptula mbili na kikopo changu cha kinga kimebaki unyayo. Panya amepakwa mguu mmoja. Sungura yuko uchi, anatazama pembeni. Mwenye nyekundu ya mafuta iliyosalia, hata robo kopo, kati ya hapa na Kabambare, ampe mwendesha kinga yeyote anayekuja Kasongo na amwambie ni ya fundi wa panya. Mvua bado wiki mbili.